Vidole vya Fundi Saa

4 Machi

Mdogo wangu Kasuku,

Mimi mzima, wewe naamini mzima, na Baba tumuulize mwenyewe. Salamu zimeisha, tuingie ndani.

Jiko litakuwa limefika. Dereva aliniapia kwamba atalibeba kama yai, na kwa jinsi nilivyomwona akilisukumiza garini, nawahurumia kuku wake. Kama kioo kimepata ufa, niambie mimi kabla hujamwambia Baba. Kama ni kizima, mwambie limepita mikononi mwangu. Hapa karakana hakuna jiko la majaribio linalotoka bila mimi kulitelezeshea kidole kutwa nzima na kusema ndiyo.

Kipande hiki msomee. Baba, jiko hili halina kitufe wala swichi ya kuzungusha. Juu ni kioo kitupu, na chini ya kioo tumeweka mota ndogondogo za kutetemesha, kila moja ndogo kuliko punje ya mahindi. Mbele kuna mstari uliochimbwa kidogo ili kidole kisipotee. Ukitelezesha kidole kutoka kushoto kwenda kulia, moto unapanda, na kwa kila ngazi kioo kinapiga mdundo mmoja chini ya kidole. Ukirudi kushoto mpaka mwisho kinapiga midundo mitatu ya harakaharaka, yaani limezimika. Lakini kubwa kuliko yote ni ukingo. Kabla hujagusa kioo, weka kidole ukingoni. Ukingo ukitetemeka, kioo bado kina moto, mkono ukae mbali. Ukiwa umetulia, kioo kimepoa, pitisha kitambaa chako kwa raha. Wewe uliyekuwa ukijua kwa ncha ya kidole kwamba springi ya saa imelegea, hili kwako ni mchezo.

Hapa simamisha kusoma, jifanye umefika mwisho.

Uliniuliza kwa nini siku hizi nakuandikia badala ya kupiga simu. Ni kwa sababu ya mzee. Tangu macho yake yaondoke, masikio yamechukua kazi ya watu wawili. Nikikuuliza kwenye simu kama umechoka, yeye akiwa chumba cha pili anajibu, "Hajachoka." Karatasi ndiyo kitu pekee ndani ya nyumba hiyo asichoweza kukisikia.

Nimechoka, mdogo wangu. Jioni nikivua blauzi sikipati kifungo mpaka nikitazame. Ndiyo ganzi ya kazi, na kila mtu hapa ana yake; wa kuchomelea wanalia na macho, wa kubeba wanalia na migongo. Halafu wenzangu wameanza maneno kwamba mitetemo ninayoipitisha ni mikali. Mkubwa wa karakana anataka kauli ya mtu asiyeona kabla hajaamua. Nimemwambia ninaye mmoja, fundi saa, na mikono hii niliyonayo niliichukua kwake. Kwa hiyo atakachosema Baba kina uzito.

Na wewe, shule yako? Mwalimu mkuu atakungoja mpaka lini? Nisikuzungushe. Kama Baba anaweza kujichemshia chai na kuzima moto mwenyewe, wewe unarudi darasani kufundisha. Hilo ndilo lililolileta jiko huko, mengine yote ni mapambo.

Dada yako


15 Machi

Dada,

Jiko limefika na kuku wa dereva wako wana amani. Kioo hakina hata mkwaruzo.

Baba alivaa shati la kutokea. Nilimwambia hili ni jiko, si harusi, akasema mwanawe hajawahi kumletea kitu cha hovyo, kwa hiyo na yeye hawezi kukipokea akiwa na fulana. Akaketi mbele ya jiko, akaliinamia, akaligeuzia shavu kidogo, vile alivyokuwa akifanya zamani mteja akimletea saa inayosuasua. Akatelezesha. Mimi nilisimama nyuma yake nikikifuata kidole chake kwa macho. Kila ngazi aliitaja sawasawa. Akazima, akaweka kidole ukingoni, akangoja mpaka kukatulia, akafuta kioo chote na kona zake. Akasema, "Mwambie Mikono mtetemo huu asiuguse. Uko mahali pake."

Bado anakuita Mikono. Mimi Kasuku, wewe Mikono. Anayemsikia mzee wetu kwa mbali atadhani amezaa nusu ndege na nusu vipuri.

Mimi nilipogusa niliruka. Kikombe kilichokuwa pembeni kilicheza mpaka kikagongana na sahani. Lakini unanijua, hata swichi ya taa huwa naizima kwa mwiko, kwa hiyo nisiwe shahidi. Yeye amefurahi, wewe utafurahi, mimi nani niharibu.

Mwalimu mkuu amenipa mpaka mwisho wa Mei. Shule zikifunguliwa Juni bila mimi, darasa langu anapewa mwingine na halirudi tena. Hakusema kwa ubaya, alisema kwa uchovu, na uchovu naujua. Dada, nampenda Baba, hilo halina mjadala. Lakini kuna siku nafua mashuka huku nikitaja majina ya watoto wa darasa langu, dawati kwa dawati, ili nisiwasahau. Usimwambie mtu.

Barua yako nilisimama pale uliponiambia. Akauliza, "Ndiyo mwisho? Mbona nimesikia karatasi imegeuzwa?" Nikamwambia upande wa pili ni salamu za majirani zako. Akasema majirani zako wana salamu ndefu.

Mdogo wako


29 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako niliwasomea karakana nzima, ukiacha kipande cha mashuka, ambacho nimekiweka kwangu.

Majuma haya mawili nimegombana na kila mwenye kidole. Dada wa meza ya pili aliuweka mkono ukingoni akautoa kama aliyeng'atwa. Fundi wa umeme akasema jiko linamfokea. Mkubwa akaleta mashine ya kupimia, ikaonyesha nimevuka kiwango mbali sana. Nikamwambia mashine haijawahi kutengeneza saa. Nikasoma maneno ya Baba: uko mahali pake. Watu wakaacha kubisha, lakini kwa heshima ya mzee tu, wala hawakukubali. Unajua inavyouma kuambiwa hukijui kitu ambacho ndicho pekee unachokijua? Watu tuko wawili tunaopatana, mimi na Baba, na kwa kuwa wawili wenyewe ndio sisi, nimejiambia hao wengine wote ndio wenye vidole vibovu.

Lakini mwenye nyumba ndiye mwenye kauli. Mkubwa ameamuru mtetemo upunguzwe mpaka pale wenzangu wanapouita mtamu, nami nimeupunguza. Mimi hapo siupati kabisa, nikitelezesha naona kama nafuta meza, ila wao wanatabasamu. Ndani ya bahasha kuna kadi ndogo yenye mtetemo huo mpya. Ichomeke kwenye tundu la ubavuni, jiko litajibadilisha lenyewe. Mkubwa anataka Baba aujaribu, kwa sababu ndio utakaoingia sokoni. Akisema haupati, nitarudi kwao na neno lake, na safari hii sitanyamaza. Mwambie aseme kweli.

Mengine ni yale yale. Nanywa maji kutwa mpaka wamenipa jina la Tangi. Ni joto la humu ndani, mabati juu na mashine chini. Nikifika chumbani nalala na viatu. Juzi nimevua soksi nikakuta kidole cha mguu kina kidonda, na hata sikumbuki kilipatikana wapi. Uzee unanijia kwa mlango wa nyuma.

Taja majina ya watoto wako, wala usione haya. Utawakuta.

Dada yako


12 Aprili

Dada,

Kadi nimeichomeka. Jiko lililia kidogo kisha likanyamaza, na tangu hapo ni jiko lenye adabu. Nikigusa napata kitu chembamba, kama mtu anayekuvuta nguo kwa upole. Mimi nimeupenda, na wewe najua hukutaka kusikia hivyo.

Baba alitelezesha. Akatelezesha tena. Akaniomba nizime redio, nikazima. Akainama mpaka sikio karibu liguse kioo, akatelezesha tena. Nikamuuliza, "Unaupata, Baba?" Akasema, "Naupata. Huu ndio wenyewe." Nikamwambia Dada amesema useme kweli. Akasema, "Tangu lini fundi akaulizwa mara mbili?"

Basi nikamjaribu. Aliwasha, akapandisha, akashusha, kila ngazi akaitaja sawa. Kweli safari hii alikwenda polepole, akipima mstari kwa upana wa kidole, lakini sawa ni sawa. Ukingoni nilimshika mkono mimi, nikamwonyesha pale pa kuweka kidole, akasema niache kumfundisha kazi ya bintiye.

Jumanne nakwenda kuonana na mwalimu mkuu. Nitatoka asubuhi nirudi mchana. Itakuwa mara ya kwanza Baba kubaki peke yake na moto. Nilisema jirani aje akae naye, akakataa, akasema kama jiko linahitaji mlinzi basi si jiko, ni mfungwa. Nimelipiga pasi lile gauni la bluu. Naona haya kukwambia nilivyofurahi, Dada. Nilisimama na pasi mkononi nikajikuta naimba wimbo wa kuhesabu wa darasa la kwanza, na Baba kutoka chumbani akanisahihisha maneno.

Mdogo wako


17 Aprili

Dada,

Leo sina salamu.

Jumanne niliporudi nilikutana na harufu mlangoni. Nikadhani kitambaa kimeungua. Baba alikuwa kwenye kiti chake, redio inazungumza, mkono wa kulia umefungwa taulo la vyombo. Akaniuliza mwalimu mkuu alisemaje. Nikamuuliza mkono una nini. Akasema, "Nilimwaga chai kidogo, nikafuta." Nikafungua taulo.

Kiganja sitakueleza. Alizima jiko vizuri, akaweka kidole ukingoni, akaona kumetulia, akaweka kiganja kizima juu ya kioo afute. Kioo kilikuwa bado cha moto. Nimeujaribu ukingo mwenyewe baadaye, nikawasha nikazima, na unatetemeka bila kosa. Jiko lilimwambia. Yeye ndiye hakuambika.

Kilichonitisha zaidi ni kwamba hakupiga kelele. Jirani tumetenganishwa na ukuta tu na hakusikia kitu. Baba alijua kwa harufu, Dada, kama mimi nilivyojua.

Zahanati muuguzi alichukua uzi mgumu wa nailoni, akamwambia afumbe macho, kisha akakumbuka na akaona aibu, Baba akamwambia asijali, ameshayafumba. Akamgusa kidole kimoja kimoja na kumtaka aseme "hapo" akiguswa. Baba alisema "hapo" mara nyingi sana, akibahatisha. Hakupatia hata moja. Muuguzi akasema ni sukari ile ile iliyochukua macho, imeshuka mikononi, wala si jambo la jana.

Njiani akaniambia mwenyewe. Mtetemo wako wa kwanza hakuupata kwa kidole. Jiko lilikuwa likivuma, naye akihesabu kwa masikio. Huu wa pili hauvumi, kwa hiyo ngazi alizipima kwa upana wa kidole na mengine akakisia. Nikamuuliza, "Baba, kwa nini?" Akasema, "Ulikuwa umeshapiga pasi gauni."

Nina hasira na sijui nimpe nani. Nakupa wewe kwa sababu uko mbali. Najipa na mimi, maana mtetemo ule wa kwanza uliniumiza mkono na nikaugeuza mzaha, kwa kuwa nililitaka darasa langu.

Halafu nimechukua barua zako nikazisoma upya. Ulisema wewe na Baba mnaupata sawa. Huu mwembamba ukasema huupati kabisa. Vifungo vya blauzi. Maji kutwa. Kidonda cha mguuni usichojua kilitoka wapi. Dada, Baba alivyoanza unakumbuka kuliko mimi. Wewe ndiye uliyekuwa ukimjazia jagi la maji. Nenda ukapime sukari. Usinijibu barua hii mpaka umepima.

Mdogo wako


19 Aprili

Mdogo wangu,

Nimepata barua yako ya gauni. Hata sasa sijui nifurahi au nifanyeje, kwa hiyo nimeamua kufurahi.

Niliposoma kwamba Baba anaupata ule mtetemo mwembamba, niliiweka barua chini nikarudi kwenye kioo. Nikatelezesha kidole cha shahada, nikatelezesha cha kati, nikafumba macho kama yeye. Kioo kitupu. Yeye anaupata, wote wanaupata, mimi siupati. Nikamwendea mkubwa nikamwambia mzee ameupitisha na mimi sina ubishi tena. Akanishika bega, akasema nimefanya kiungwana. Sikufanya kiungwana, nilikuwa nimechoka.

Unajua kinachoniuma? Tangu utotoni nilikuwa nikitembea na sentensi moja: mikono ya Baba imekwenda kwa binti mkubwa. Wewe ulichukua mdomo, mimi nikachukua mikono, tukagawana hivyo. Sasa naona sikuchukua kitu. Nilikuwa nimeazima tu, na mwenyewe bado anazo nguvu za kuvitumia vidole vyake.

Usimsomee hayo. Mwambie nimecheka na nimeshukuru. Na uniandikie mwalimu mkuu alisemaje, na kama gauni bado linakukaa.

Dada yako


2 Mei

Mwanangu Mikono,

Ni mimi baba yako ninayesema, na Kasuku anaandika. Nimemwapisha asiongeze wala asipunguze. (Naandika kila neno. K.)

Mkono unaendelea vizuri. Hauumi, na hilo ndilo tatizo lake.

Barua yako ya mwisho nimesomewa yote, pamoja na pale ulipoandika nisisomewe. (Alinilazimisha.) Sikumlazimisha, nilimuuliza mbona sauti yake imebadilika, akaanza kulia, na mtu anayelia hawezi kuruka mistari. Pia nimejua kwamba hukuwa umepata ile ya kabla yake. Sasa utakuwa umeipata, na hujajibu. Kasuku kila akisikia pikipiki ya posta anakwenda mlangoni na mwiko mkononi.

Nisikilize. Vidole vyangu viliniacha kabla ya macho. Skrubu nilizokuwa nikiziokota bila kutazama zikaanza kunitoroka. Nilifunga duka nikawaambia watu ni macho. Wakati ule macho yalikuwa bado yana nuru ya kutosha, ningeweza kusoma hata gazeti. Lakini mtu wa macho anaonewa huruma, mwanangu, na fundi asiye na vidole anachekwa. Macho yalipoisha kweli, nilipumzika kidogo, kwa sababu uongo wangu ulikuwa umetimia. (Baba, hili kweli niandike?) Andika.

Ulipoleta jiko na kusema mikono umeitoa kwangu, nikajiona bado niko kazini mahali fulani. Yangu imekwisha, lakini ipo huko, inatelezesha vioo, watu wanaitegemea. Ningekwambiaje kwamba sipati kitu? Na huyu hapa alikuwa anaimba na pasi. (Naomba tuiache pasi.) Haya, tumeiacha.

Wewe umeandika kwamba hukuchukua kitu kwangu. Umechukua, tena mpaka shina la maradhi. Hilo la mwisho sikukupa kwa kupenda, na kama lingekuwa linarudishwa ningelidai leo.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi limeniumbua jiko, na nashukuru limekuwa jiko. Wewe usingoje cha kukuumbua. Kapime. Usijiambie ni joto la mabati, mimi nilijiambia ni vioo vya miwani vimechakaa.

Sina zaidi.

Baba yako

(Sahihi ni yake, kwa mkono wa kushoto. Ameandika juu ya meza kwanza, kisha juu ya karatasi. Usicheke. K.)


20 Mei

Baba, na wewe Kasuku,

Barua hii haina pa kusimama. Isomwe yote, kwa sauti, na karatasi ikigeuzwa isikike.

Nimepima. Ni sukari, na imekaa mwilini muda mrefu. Daktari aliniuliza kama kuna mwingine katika familia, nikamwambia yupo, na kwamba mimi naye tumekuwa tukipeana hongera. Hakuelewa na sikumweleza. Macho yangu kwa sasa ni salama. Kidonda cha mguu kimeanza kufunga. Vidole, amesema, nisivitarajie virudi vyote; tulinde vilivyobaki. Natumia dawa na natembea jioni kama nilivyoambiwa, ingawa kwa miguu hii naonekana kama mtu anayetafuta alichoangusha.

Nilichelewa kujibu kwa sababu barua ya Kasuku niliisoma mara moja, nikaifunika na sahani, nikaenda kazini kama haijafika. Kila siku nilikula pembeni ya ile sahani. Iliyonitoa ni ya Baba, pale pa miwani.

Mkubwa nilimwambia mwenyewe. Aliniondoa meza ya majaribio siku hiyo hiyo, akanipeleka kufungasha. Sikumlaumu, nisingeweza kumlaumu, lakini kufunga maboksi ya kitu ulichokuwa ukikipitisha ni jambo zito. Pale mbele yake sikulia. Nililia njiani, nikiwa nimeshika mkoba.

Nikawaambia na yaliyompata Baba, kiganja na yote. Dada wa meza ya pili alitoka nje.

Juma lililopita mkubwa alikuja kwenye maboksi na kioo kwapani, akakiweka mbele yangu. Akasema, "Huu unaupata?" Nikasema hapana. Akaongeza. "Na huu?" Hapana. Akaongeza tena, na tena, mpaka kioo kikaanza kuvuma na bisibisi zikacheza mezani, nikamwambia, "Hapo." Akaandika. Akasema wengi waliopoteza macho kwa sukari watakuwa na vidole kama vyangu, na sisi tulikuwa tunawatengenezea jiko la watu wenye vidole. Hakuniomba radhi, na mimi sikumwomba, maana sote tulikosea, kila mmoja kwa namna yake. Sasa anataka niwe nakaa naye kila asubuhi nimwambie hapana. Sikujua kama hapana nayo ni kazi. Nilimwomba waweke na sauti, kwa sababu vidole vinaweza kwisha kabisa. Akasema ataangalia, na mkubwa akisema ataangalia huwa ameshakubali ila hataki watu waone. Jiko haliingii sokoni mpaka hilo liishe.

Sasa yetu. Kasuku, mwambie mwalimu mkuu ndiyo. Mwambie leo, hata kabla hujamaliza kunisomea. Nimepewa likizo ya ugonjwa na nakuja kukaa na Baba. Ikiisha sijui tutafanyaje. Huenda nikaomba zaidi, huenda nikaacha, huenda jiko litakuwa limepata akili. Ya mbele tutayajua mbele. Juni wewe uko darasani, mbele ya madawati yako, na hilo silijadili na mtu yeyote, hata na mwenye sahihi ya mkono wa kushoto.

Baba, jikoni tutakuwa sisi wawili. Mimi nina macho, wewe una masikio. Kidole tutamngoja Kasuku atoke shule. Nakuja na kadi ya mtetemo wa zamani, ule unaovuma, uuhesabu kwa masikio bila kujificha. Mpaka nifike msiwashe. Na nikifika nataka unikague mikono, uniambie ganzi ilianzia kidole gani, nijue kinachofuata ni kipi. Nimechoka kujikagua peke yangu.

Nafika Jumamosi. Msimkalishe mtu mlangoni kuningoja. Mkisikia mlango unagongwa kama wa askari, msiogope, ni mimi. Nabisha mpaka vidole vijue.

Mikono